Kicheko kina mwenyewe: kwa anayeanza kuandika na kuongoza komedi

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza ni la hela. Wanataja jina la mtu, mara nyingi wa Marekani, wanasoma kwenye simu tarakimu ya utajiri wake, kisha wananigeukia: "Kaka, hivi kwa kuchekesha tu mtu anafikaje huko?" Sioni ubaya wa swali hilo. Mwenye kodi ya nyumba na ada ya mtoto ana haki ya kujua kazi anayoingia inalipaje. Ila tarakimu haikuambii hela iliingia kwa mlango upi, na kwenye kazi yetu mlango ndio habari yenyewe.

Nimeandika komedi miaka 17 hapa Dar es Salaam, na tisa ya mwisho nimekuwa naongoza pia. Kuna kazi ilinilipa nikafurahi, mwaka ukapita sina hata chembe yake. Kuna nyingine ilinilipa kidogo, na mpaka leo inaleta. Skripti zote zilitoka mkono mmoja. Kilichozitenganisha ni karatasi nilizosaini.

Nitaanza na Tyler Perry, mwandishi, mwigizaji na mwongozaji wa Marekani, kwa sababu ndiye anayetajwa sana, na kwa sababu safari yake inasomeka vizuri ukiitazama hatua kwa hatua. Alizaliwa New Orleans mwaka 1969, kwenye nyumba ya kipigo. Mwaka 1992 alichukua akiba yake yote, dola 12,000, akakodi ukumbi Atlanta aonyeshe mchezo wa jukwaani aliouandika mwenyewe. Alitegemea watu 1,200 kwa wikiendi ile. Walikuja 30. Akarudi kwenye vibarua, kuna vipindi alilala ndani ya gari, na kila alipopata chochote aliurudisha mchezo ule jukwaani akiwa ameurekebisha. Ukaanguka tena na tena. Ukumbi ulijaa mwaka 1998.

Miaka sita hiyo watu huisimulia kama hadithi ya uvumilivu, wakaishia hapo. Mimi naona jambo jingine. Baada ya hapo Perry alizunguka mji kwa mji akichezea watu weusi, wengi wao waumini wa makanisa, watazamaji ambao Hollywood haikuwa na habari nao. Akawa anauza kanda za video za michezo yake mwenyewe. Akawa na mhusika wake, Madea, bibi mwenye mdomo mkali aliyemchota kwa mama yake na shangazi yake. Kwa hiyo mwaka 2005 alipoingia kwenye filamu, hakuingia kama mtu anayeomba kazi. Alikuja na watazamaji wake, mhusika wake, na sehemu ya mtaji kutoka mfukoni mwake. Filamu ile ya kwanza iligharimu kama dola milioni 5 na nusu, ikaingiza zaidi ya milioni 50 kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Na hakuiongoza. Aliiandika na kuigiza, akakaa pembeni akimtazama mwongozaji anavyofanya kazi. Kiti cha mwongozaji alikikalia kwenye filamu iliyofuata, mwaka 2006.

Kwenye televisheni alifanya vilevile. Alitengeneza sehemu 10 za mwanzo za tamthilia yake ya kuchekesha kwa hela yake, zikajaribiwa kwenye vituo vichache, zikapendwa. Ndipo kituo cha televisheni cha TBS kikaagiza sehemu 100 kwa dola milioni 200. Mwaka 2015 alinunua ekari 330 za iliyokuwa kambi ya jeshi Atlanta, mwaka 2019 akafungua studio zake hapo, na mwaka 2020 jarida la Forbes likamweka kwenye orodha ya mabilionea. Ukiuliza mlango upi, jibu ni umiliki. Michezo, filamu, mhusika, majengo: vyake. Wengine walikodi kutoka kwake.

Nisikufiche upande wa pili. Mwaka 2008 chama cha waandishi cha Marekani, WGA, kilimlalamikia kwamba waandishi wanne wa tamthilia ileile wamefukuzwa kwa sababu walitaka mkataba wa chama. Shika na hilo, kwa sababu siku moja wewe ndiye utakayekuwa na waandishi chini yako, na utakumbuka jinsi ulivyokuwa ukisubiri simu ya malipo.

Sasa turudi nyumbani. Wengi mmekua mkiwatazama vijana wa Ze Comedy pale EATV: Joti, Masanja, Mpoki na wenzao. Walipohamia TBC1, jina halikuhama nao vilevile; waliendelea kama Ze Orijino Komedi. Watu ni walewale, vituko ni vya vichwa vyao, lakini jina likawa jambo la kubishaniwa. Kundi linaloanza leo halina kisingizio. Kabla hamjapiga hata picha ya tangazo, andikeni jina ni la nani, na mmoja akitoka anatoka na nini. Mkiwa marafiki ndio wakati wa kuandikiana, maana mkishakosana hakuna atakayekubali kusaini.

Na mzee wetu King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018. Kila nyumba ya nchi hii ilimcheka. Akiwa kitandani anaugua, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika mpaka kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, na kamati ikaundwa kuichunguza mikataba ya wasanii. Kule Kenya, Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alichekesha kwenye televisheni ya taifa zaidi ya miaka 30. Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walichangishana atibiwe. Alifariki Julai 2015. Mimi nawaheshimu wazee hawa kuliko ninavyoweza kuandika. Siwataji ili tuwahurumie. Nawataja kwa sababu kucheka kwa taifa zima kulikuwa na thamani, thamani hiyo ilikwenda mahali fulani, na haikwenda kwao.

Yangu mimi ni hii. Mwaka wangu wa nne kazini niliandika sehemu 26 za tamthilia ya kuchekesha kwa kituo kimoja cha televisheni. Shilingi laki moja na nusu kwa kila sehemu: jumla milioni 3 na laki 9. Kwangu zilikuwa hela nyingi kuliko nilizowahi kushika. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, nikausoma nimesimama kwenye korido, kalamu ya kuazima mkononi, dada wa mapokezi akisubiri nakala yake. Kipengele cha saba kilisema ninakabidhi "haki zote, kwa matumizi yote, mahali popote, bila ukomo wa muda". Nikasaini. Mhusika mkuu, mzee mpangaji ambaye nilimjenga kwa kumsikiliza jirani yetu wa Mbagala miaka miwili, akaanza kutokea kwenye matangazo ya biashara. Akawekwa kwenye bango barabarani. Kila Ramadhani tamthilia inarudiwa, na watu wananipigia simu kunipongeza. Sikuwa na haki ya kudai hata senti, na mwanasheria niliyemfuata aliniambia hivyo kwa upole, akakataa na ada yake.

Kwa hiyo kipengele cha haki ndicho utakachokitafuta kwanza, kabla hujatazama kiasi cha hela. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa haki juu ya ulichoandika tangu unapokiandika, na haki hiyo inadumu uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Wajukuu zako wanaweza kula kutokana na sini, yaani tukio moja la hadithi, uliyoandika leo. Lakini haki hiyohiyo unaweza kuitoa kwa sahihi moja, na kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa inaweza kuhesabiwa ni ya mwajiri kama hamkuandikiana vingine. Peleka skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uisajili kabla hujaigawa kwa watu. Ikiwa uko Kenya, wenzao ni KECOBO. Usajili hauleti haki mpya. Unakupa tarehe na muhuri, na siku ya ubishi muhuri hauna aibu ya kusema.

Mkataba mzuri haukodishi kila kitu kwa pamoja. Unamwachia mtu haki ya kuonyesha kwenye televisheni, nchini Tanzania, kwa miaka mitatu. Intaneti ni jambo jingine, lina bei yake. Marudio yana bei yake. Mhusika kutumika kwenye tangazo kuna bei yake, tena hii iandike kwa herufi kubwa. Najua utaniambia: kaka, mimi ni mgeni, nikianza masharti watampa mwingine. Ni kweli, vyote hutavipata. Nami ningelazimishwa kuchagua kimoja tu, ningechagua muda. Kubali hela kidogo zaidi, lakini mkataba uwe na mwisho. Kazi iliyorudi mikononi mwako unaweza kuikodisha tena. Iliyokwenda milele imekwenda.

Hayo ni ya karatasi. Lakini hakuna karatasi inayolinda kitu kisichochekesha, na hapa nataka tukae kidogo, maana vijana wengi wanakuja na mkataba vichwani kabla hawajawa na sini.

Kuandika komedi ni kukata. Nitakupa mfano nilioufanya na vijana wawili mwaka jana. Mpangaji anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Anasikia mwenye nyumba yuko njiani, anatandika mkeka uani, anajifunga kanga ya mkewe kichwani, anakaa kama mwenye msiba, akijua hakuna Mswahili atakayedai deni msibani. Mwenye nyumba anaingia, anauliza: "Marehemu nani?" Kwenye skripti ya kwanza mpangaji alijibu kwa mistari sita: mjomba, Kilosa, alikuwa anaumwa muda mrefu, basi liliharibika njiani. Mistari mizuri, kila mmoja una neno la kuchekesha. Tulipoisoma mezani watu walitabasamu, hakuna aliyecheka.

Nikawaambia wakate yote sita. Mpangaji aulizwe marehemu nani, asijibu kitu. Kamera ikae mbali, tuwaone wote wawili na mkeka mzima. Mpangaji anatazama ndoo. Anatazama kuku. Mwenye nyumba anamtazama mpangaji. Anavua viatu taratibu, anaviweka sawa pembeni, anakaa mkekani, anapiga goti lake kwa kiganja, na anasema: "Basi tutakaa wote mpaka arobaini." Mtu wa sauti alicheka mpaka tukarudia kupiga.

Unaona kilichotokea? Kicheko hakikuwa kwa mwongo. Kilikuwa kwa mwenye nyumba, ambaye ameshaelewa kila kitu na akaamua kufuata adabu. Mtazamaji wetu anajua msiba, anajua mkeka, anajua arobaini, anajua kwamba adabu inaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Hukuhitaji kumweleza. Na kama ningeweka kamera karibu na uso wa mpangaji, tungekosa viatu, na viatu ndivyo vilivyoandaa neno la mwisho. Ndiyo maana nasema mwandishi wa komedi ajifunze kuongoza, hata kama hatawahi kuongoza kwa malipo: nusu ya kicheko iko kwenye umbali wa kamera na sekunde mbili za kimya ambazo mhariri atataka kuzikata. Kaa naye kwenye chumba cha uhariri. Zitetee sekunde zako mbili.

Tuna akiba kubwa nyuma yetu. Kabla ya video kulikuwa na vichekesho vya vikundi vya sanaa, vilivyochezwa usiku mmoja pamoja na ngoma, sarakasi na taarabu, mbele ya watu walionunua tiketi na wasioogopa kuzomea. Kulikuwa na Mahoka na Pwagu na Pwaguzi kwenye Radio Tanzania, vikichekesha kwa sauti peke yake. Kuna utani wa makabila, wa mashemeji, wa babu na mjukuu, ambao ni shule kamili ya nani anaruhusiwa kumwambia nani nini, na lini. Sikiliza hayo. Kumvalisha mwanaume gauni au kuiga lafudhi ya kabila la mtu kunaleta kicheko cha haraka, sikatai, lakini kinakufa palepale. Mhusika anayedumu ana kitu anachokitaka na kitu anachokificha. Ndiye atakayekulisha ukiwa mzee, kwa hiyo mjenge kama unavyojenga nyumba.

Jaribu maandishi yako mbele ya watu wasiokupenda. Mke wako na rafiki zako watacheka kwa upendo. Mimi husomea skripti kwa mafundi wa gereji iliyo karibu na ofisi, saa ya chakula. Wakiendelea kutafuna bila kuinua macho, narudi mezani.

Kuhusu mtaji, usisubiri wa kutosha. Mmarekani Kevin Smith alipiga filamu yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994, kwa dola 27,575, kwa kutumia kadi za mkopo na kuuza vitabu vyake vya katuni. Alipiga ndani ya duka aliloajiriwa mchana, kwa hiyo aliweza kupiga usiku tu. Hadithi ni ya mchana. Akaandika kwamba kufuli za milango ya chuma zimezibwa na haifunguki siku nzima, na giza la nje likafichika. Upungufu ukawa sehemu ya hadithi. Nawe kama una chumba kimoja na taa mbili, andika hadithi ya chumba kimoja na taa mbili, uiandike mpaka mtazamaji aamini kwamba isingewezekana kuwa mahali pengine.

YouTube ni mlango halali, nami naupenda, ila ujue hesabu yake. Ili chaneli ya video ndefu ianze kugawiwa mapato ya matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwenye video ndefu mgawo wako ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Mtazamaji wa Dar na mtazamaji wa Ujerumani hawaleti kiasi kimoja. Matangazo ya kule yananunuliwa kwa bei ya juu zaidi. Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis, wanaotazama komedi ya Kiswahili usiku baada ya kazi, wana uzito mkubwa kwenye mapato yako kuliko unavyodhani. Usiwasahau unapochagua hadithi. Na chaneli ifunguliwe kwa barua pepe yako, namba ya simu yako. Nimeona kijana mwenye watazamaji wengi sana akinyimwa nywila ya chaneli yake na mtu aliyemfungulia.

Hela yetu inakuja kwa msimu. Unaweza kulipwa leo kazi uliyomaliza miezi minne iliyopita, kisha ukakaa miezi mitatu kimya. Mimi nikilipwa nagawa kwa miezi, sio kwa mahitaji: hii ya Machi, hii ya Aprili. Fungu moja haliguswi, ni la kupiga kazi yangu mwenyewe, hata fupi ya dakika kumi. Gari lilisubiri miaka mingi kwa sababu ya fungu hilo. Sijutii.

Na msiende peke yenu. Waandishi wa Marekani hawakupewa malipo ya marudio kwa huruma. Waligoma mwaka 1960. Wakagoma tena kuanzia Novemba 2007 mpaka Februari 2008, intaneti ikiwa ndiyo hoja kubwa, na mwaka 2023 wakakaa nje siku 148. Sisi hatuna nguvu hiyo bado. Lakini waandishi watano wanaoambiana ukweli kuhusu bei wanazolipwa tayari si watu wa kupunjwa kirahisi. Mimi bei yangu namwambia yeyote anayeniuliza.

Tamthilia yangu ya pili niliikodisha kwa sehemu 13, miaka mitatu, televisheni tu, kwa hela ndogo kuliko ile ya kwanza. Miaka ikaisha, nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikarudishiwa. Nimeshaikodisha kwingine mara mbili tangu hapo.

Wiki iliyopita binti mmoja niliyemfundisha aliniletea mkataba wake wa kwanza. Ulikuwa kurasa nne. Alikuwa ameshausoma kabla yangu, usiku, na kaka yake pembeni. Kwenye ukurasa wa tatu, palipoandikwa "bila ukomo wa muda", alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu na juu yake ameandika: miaka miwili. Nilimrudishia nikamwambia apeleke hivyohivyo.